Superbloku inafutwa data ikivuka GiB 4, na kigeu nimeshakifanya biti 64

biti_moja:

Wakuu, naomba jicho la pili. Nina mfumo mdogo wa faili ulioandikwa kwa C, unaendeshwa kupitia FUSE (njia ya kuendesha mfumo wa faili nje ya kerneli), na diski yake ni faili moja la imeji. Bloku ni baiti 4096, namba ya bloku ni `uint32_t`. Kila kitu kinakwenda vizuri mpaka data ifike GiB 4. Baada ya hapo uandishi unaendelea bila kosa lolote, `pwrite` inarudisha 4096 kama kawaida, ila nikiondoa mfumo na kuupachika upya naambiwa namba ya utambulisho ya superbloku (bloku ya kwanza, yenye maelezo ya mfumo mzima) si sahihi. Nikiitazama imeji kwa `xxd`, baiti 4096 za mwanzo ni data ya mtumiaji.

Kipande ninachokishuku ni hiki:

```c
static int andika_bloku(struct mfumo *m, uint32_t namba, const void *bafa)
{
    uint64_t ofseti = namba * m->ukubwa_bloku;
    ssize_t n = pwrite(m->fd, bafa, m->ukubwa_bloku, ofseti);
    return n == (ssize_t)m->ukubwa_bloku ? 0 : -EIO;
}
```

`ukubwa_bloku` nayo ni `uint32_t`. Mwanzoni `ofseti`, yaani umbali wa baiti tangu mwanzo wa imeji, ilikuwa `uint32_t`. Nimeifanya `uint64_t`, nimejenga upya kila kitu, matokeo ni yale yale. gcc ikiwa na `-Wall -Wextra` haisemi neno. Kwa nini kupanua kigeu hakujasaidia? Na nitajuaje kama hakuna sehemu nyingine zenye ugonjwa huu? Msimbo una mistari kama 6000, na mashine ya majaribio imebakiwa na GiB 3 tu za nafasi.

---

mkokotoo:

Mkuu, umepanua ndoo, lakini maji yanamwagika kabla hayajafika ndooni. Katika C, aina ya jibu la kuzidisha inaamuliwa na vile vinavyozidishwa. Kigeu kilicho kushoto mwa alama ya usawa hakina sauti yoyote. `uint32_t` mara `uint32_t` inakokotolewa kwa biti 32, biti za juu zinatupwa, kisha kilichobaki ndicho kinachopanuliwa kuwa biti 64. Kwako bloku ya 1048576 ni 1048576 × 4096 = 4294967296, yaani 2 kwa kipeo cha 32 kamili. Ndani ya biti 32 hiyo ni sifuri, na kwenye sifuri ndipo superbloku inapokaa.

Dawa ni kupanua mmoja wa wanaozidishwa kabla ya kuzidisha (`off_t` ni aina ya C ya kuhifadhi ofseti za faili):

```c
off_t ofseti = (off_t)namba * m->ukubwa_bloku;
```

Angalia mabano yanapoishia. `(off_t)(namba * m->ukubwa_bloku)` ni kosa lile lile lililovaa nguo mpya, kwa sababu kuzidisha kumeshafanyika ndani ya mabano.

Ukiwa na sehemu zinazosogeza biti badala ya kuzidisha, kuna mtego zaidi. Kwenye kuzidisha unaweza kupanua upande wowote. Kwenye kusogeza, aina ya jibu inafuata upande wa kushoto peke yake. Kwa hiyo `(off_t)namba << biti` ni sahihi, na `namba << (off_t)biti` haijabadilisha chochote.

Kompaila imenyamaza kwa sababu hesabu ya namba isiyo na alama (unsigned, yaani isiyoweza kuwa hasi) ikifurika, C inasema wazi kwamba inazunguka na kurudi mwanzo. Kwa mtazamo wake hakuna kosa. Hata `-Wconversion` haikusaidii hapa: kazi yake ni kulalamika thamani inapobanwa kutoka aina pana kwenda nyembamba, na wewe unapanua.

Kama `namba` na `ukubwa_bloku` zote zingekuwa `int`, ungeligundua hili mapema zaidi. Hesabu ingefurika kwenye bloku ya 524288, yaani GiB 2. Kufurika kwa namba yenye alama hakuna tabia iliyoainishwa katika C, lakini kwa kawaida ungepata ofseti hasi na `pwrite` ingekurudishia `EINVAL`. Isiyo na alama inaharibu kimyakimya, ndiyo maana naiogopa zaidi.

---

tundu_la_inodi:

Nakubaliana na mkokotoo. Ila usiishie kurekebisha mstari huo mmoja. Weka hesabu hii kwenye funksheni moja ndogo, kisha piga marufuku kuzidisha namba ya bloku mahali pengine popote:

```c
static inline off_t ofseti_ya_bloku(const struct mfumo *m, uint32_t namba)
{
    return (off_t)namba * m->ukubwa_bloku;
}
```

Halafu `grep` kila penye `* m->ukubwa_bloku`, `*ukubwa` na `<<`. Katika mistari 6000 hiyo ni kazi ya saa chache.

Kuna ndugu wa hitilafu hii ambaye hana kuzidisha wala kusogeza, na `grep` hiyo haitamkamata. Ni wa kukata ofseti iangukie mwanzo wa bloku:

```c
mwanzo = ofseti & ~(m->ukubwa_bloku - 1);
```

`ukubwa_bloku` ni `uint32_t`, hivyo kinyume cha 4095 ni 0xFFFFF000, biti 32 tu. Kikikutana na ofseti ya biti 64 kinapanuliwa kwa sifuri upande wa juu, na hizo sifuri zinafuta nusu nzima ya juu ya ofseti. Mtu akiomba baiti ya 5368709220, ambayo ni GiB 5 na baiti 100, unampeleka 1073741824, yaani GiB 1. Andika `~((off_t)m->ukubwa_bloku - 1)`. Makro ya `round_down` ndani ya kerneli ya Linux inabadilisha barakoa (hiyo namba ya kufutia biti za chini) iwe ya aina ya namba inayokatwa, na sababu yake ni hii.

Ndugu mwingine ni wa kubana. Tafuta mistari ya namna hii:

```c
uint32_t baki = inodi->ukubwa - ofseti;
```

Faili likibakiwa na GiB 4 kamili, `baki` ni sifuri, na msomaji anaambiwa faili limeisha. Likibakiwa na GiB 5, anaambiwa imebaki GiB 1. Hawa `-Wconversion` inawakamata, kwa hiyo iwashe hata kama itakupigia kelele siku ya kwanza.

Onyo la mwisho. Utashawishika kubadilisha kila `uint32_t` kuwa `uint64_t` ili ulale usingizi. Usifanye hivyo. Miundo inayoandikwa kwenye diski ina mpangilio maalum wa baiti, na ukipanua sehemu moja, imeji zote za zamani hazisomeki tena. Kwenye diski acha biti 32 zikae, panua wakati wa kukokotoa.

---

bafa_tupu:

Kuhusu GiB 3 za nafasi, hazikuzuii. Tumia faili lenye matundu, yaani lenye sehemu tupu zisizochukua nafasi kwenye diski:

```
truncate -s 6G diski.img
ls -lh diski.img
du -h diski.img
```

`ls` itasema 6.0G, `du` itasema sifuri au karibu na hapo, maadamu mfumo wa faili ulio chini unaruhusu matundu. ext4, XFS, Btrfs na tmpfs zote zinaruhusu. Usijaribu kwenye flashi ya FAT32: huko faili moja haliwezi kufika GiB 4, linaishia baiti moja kabla.

Jaribio lenyewe liite `andika_bloku` moja kwa moja. Ukipitia kugawa bloku kwa kawaida itabidi ujaze GiB 4 nzima kwanza. Andika bloku hizi kwa mpangilio huu: 0, 1, 524287, 524288, 1048575, 1048576, 1048577, na 1572863 ambayo ni ya mwisho kwenye imeji ya GiB 6. Kila bloku ijaze namba yake mwenyewe mara 1024, kama `uint32_t`. Jumla ni KiB 32.

Sasa hapa ndipo wengi wanapojidanganya. Ukiandika bloku na kuisoma papo hapo, jaribio litafaulu hata msimbo ukiwa mbovu. `soma_bloku` ina hesabu ile ile, kwa hiyo inasoma pale pale pasipo sahihi ulipoandika. Hitilafu mbili zinazofanana zinafichana. Andika zote nane kwanza, kisha ndipo usome zote. Kwa msimbo wako wa sasa utaona bloku 0 ina 1048576, bloku 1 ina 1048577, na bloku 524287 ina 1572863. Hizo ndizo jozi zinazogongana, kila moja ikiwa imepishana na mwenzake kwa 1048576.

Halafu hakikisha kwa chombo kisichoujua msimbo wako:

```
dd if=diski.img bs=4096 skip=1048576 count=1 status=none | xxd | head -2
```

Ukiona sifuri tupu, data haikufika ilikopaswa.

Kwa ukaguzi wa msimbo wote, clang-tidy ina kipimo kiitwacho `bugprone-implicit-widening-of-multiplication-result`. Kinatafuta kosa hili hasa: kuzidisha kwa aina nyembamba na kupeleka jibu kwenye aina pana. Wakati wa kuendesha, jenga kwa clang na `-fsanitize=unsigned-integer-overflow`. Wengi huwasha `-fsanitize=undefined` na kuridhika, lakini hiyo haigusi namba zisizo na alama, kwa kuwa kuzunguka kwake kunaruhusiwa. gcc haina sanitaiza hii ya namba zisizo na alama, kwa hiyo ni clang tu. Tarajia makelele kwenye funksheni za heshi na cheksamu, ambazo zinafurika kwa makusudi. Hizo ziwekee `__attribute__((no_sanitize("unsigned-integer-overflow")))` moja moja, usizime kwa faili zima.

---

mkokotoo:

Niongeze jambo moja juu ya jaribio la bafa_tupu. Jenga pia kwa `-m32`. Huko `size_t` ni biti 32, na kwenye glibc `off_t` nayo ni biti 32 usipoweka `-D_FILE_OFFSET_BITS=64`. Kichwa cha libfuse kinakataa kujengwa bila hiyo, kwa hiyo programu kuu iko salama. Hatari iko kwenye zana yako ya kuunda imeji na ile ya kukagua: hizo hazijumuishi kichwa cha libfuse, na hakuna atakayekushtua. Weka mstari huu kwenye kichwa chako mwenyewe:

```c
_Static_assert(sizeof(off_t) == 8, "off_t lazima iwe biti 64");
```

Pitia pia ujumbe wa kumbukumbu. Ukichapisha ofseti ya biti 64 kwa `%u`, utaona namba iliyokatwa hata baada ya kurekebisha, na utapoteza siku nzima ukitafuta hitilafu ambayo haipo. Tumia `PRIu64`, au badilisha iwe `intmax_t` na uchapishe kwa `%jd`.

---

saraka_kuu:

Mmezungumzia kukokotoa ofseti. Mimi naona hatari kubwa zaidi iko kwenye vizuizi vya mipaka, kwa sababu hapo namba zinatoka kwenye diski ambayo huenda mtu mwingine ameitengeneza kwa nia mbaya. Tazama hiki:

```c
if (ofseti + urefu > ukubwa)
    return -EINVAL;
```

Kama zote ni `uint64_t` na `ofseti` iko karibu na kikomo, jumla inazunguka na kuwa ndogo, kizuizi kinafunguka. Andika hivi:

```c
if (urefu > ukubwa || ofseti > ukubwa - urefu)
    return -EINVAL;
```

Nusu ya kwanza si pambo. Bila hiyo, `ukubwa - urefu` inaweza kwenda chini ya sifuri, na kwa namba isiyo na alama hiyo inamaanisha thamani kubwa mno. Kosa la aina hiyo liliingia kwenye kerneli ya Linux toleo 5.1, ndani ya `fs/fs_context.c`, na likajulikana mwaka 2022 kama CVE-2022-0185. Kizuizi kilikuwa `len > PAGE_SIZE - 2 - size`. `size` ikiwa 4095 na `PAGE_SIZE` 4096, unapata 4096 − 2 − 4095, hasi moja, ambayo kwa aina isiyo na alama ni namba kubwa kuliko zote. Hakuna `len` inayoweza kuizidi, kwa hiyo kila kitu kilipita na kuandikwa nje ya bafa. Marekebisho yalikuwa kugeuza kutoa kuwa kujumlisha: `size + len + 2 > PAGE_SIZE`. Pale inafaa kwa kuwa vyote viwili ni vidogo. Kwa ofseti za faili haifai, ndiyo maana nimependekeza umbo lile la juu.

Usipotaka kufikiria kila mara, tumia `__builtin_add_overflow` na `__builtin_mul_overflow`. Zipo gcc tangu toleo la 5, na clang pia. C23 ina `ckd_add` na `ckd_mul` ndani ya `stdckdint.h`. Jibu likiwa kweli, imefurika, rudisha kosa:

```c
off_t mwisho;
if (__builtin_add_overflow(ofseti, urefu, &mwisho))
    return -EFBIG;
```

Uzuri wake ni kwamba zinapima kama jibu sahihi la kihesabu linaenea kwenye aina ya kigeu cha kupokea, hata vinavyojumlishwa vikiwa vya aina tofauti.

Kutenga kumbukumbu nako ni vivyo hivyo. `malloc(idadi * sizeof(struct ingizo))`, ingizo likiwa baiti 16 na `idadi` kutoka kwenye diski ikiwa 268435457, kwenye mashine ya biti 32 inaomba baiti 16 tu. Kisha kitanzi chako kinajaza ingizo milioni 268. Tumia `calloc` au `reallocarray`, zote zinakagua kuzidisha. Na kabla ya hapo, `idadi` ilinganishwe na kile kinachoweza kuenea kwenye imeji.

Kagua pia ukubwa wa bloku kama umeuhifadhi kwa mtindo wa ext2, yaani `1024 << s`. `s` ikiwa 32 au zaidi, C haisemi nini kitokee, na kwenye x86 mara nyingi 1024 << 32 inarudi kuwa 1024, namba inayoonekana halali kabisa. Kataa chochote kilicho zaidi ya 6, ambayo ni baiti 65536, kabla ya kusogeza.

---

biti_moja:

Asanteni sana. Nimeweka `ofseti_ya_bloku`, na jaribio la bloku nane sasa linapita kwa biti 64 na kwa `-m32`. clang-tidy imenionyesha sehemu nne zaidi, na ile barakoa ya tundu_la_inodi nilikuwa nayo sehemu mbili.

Limebaki moja. Kuna imeji ya GiB 6 iliyoandikwa kwa msimbo wa zamani, bloku ya juu kabisa iliyotumika ni 1200000. Nikiipachika kwa msimbo mpya itajirekebisha?

---

tundu_la_inodi:

Hapana, na tafadhali usiipachike kabisa kwa sasa. Msimbo mpya utakwenda kusoma bloku ya 1100000 mahali pake halisi, na pale pana tundu lenye sifuri, kwa sababu msimbo wa zamani uliiweka kwenye 51424. Ukianza kuandika juu yake unazidi kuvuruga. Chukua nakala kwanza kwa `cp --sparse=always`, ufanyie kazi nakala.

Eneo la madhara unaweza kulikokotoa. 1200000 − 1048576 ni 151424, kwa hiyo bloku 0 hadi 151424 ndizo zilizo hatarini. Kuanzia 151425 hadi 1048575 hazijaguswa na kasoro hii.

Kwa kila namba *k* kuanzia 1048576 kwenda juu ambayo imegawiwa, mwenzake ni *k* − 1048576. Mwenzake asipokuwa amegawiwa, nakili bloku kutoka kwake kwenda mahali halisi pa *k*, na hakuna kilichopotea. Wote wawili wakiwa wamegawiwa, aliyeandika mwisho ndiye aliyebaki na mwingine amekwenda. Ukiwa na cheksamu kwa kila bloku, itakuambia aliyebaki ni nani. Usipokuwa nayo, itabidi utazame yaliyomo: bloku ya inodi (rekodi za maelezo ya kila faili) ina umbo linalotambulika, bloku ya data ya mtumiaji haina.

Tatizo ni kwamba ramani ya biti (inayoonyesha bloku zilizogawiwa) na jedwali la inodi kwa kawaida viko mwanzoni mwa diski, ndani ya eneo hilo hilo. Kama uliweka nakala za akiba za superbloku mbali na mwanzo, anzia huko. ext4 yenye bloku za baiti 4096 huweka ya kwanza kwenye bloku ya 32768, na hata hiyo ingekuwa ndani ya eneo lako la madhara. Kama mfumo wako una nakala moja tu, superbloku unaweza kuijenga upya kwa kuunda imeji tupu ya ukubwa ule ule na kunakili bloku 0 kutoka humo, kisha kusahihisha hesabu za bloku huru. Jedwali la inodi haliundiki upya namna hiyo.

---

saraka_kuu:

Ongeza namba ya toleo kwenye superbloku sasa hivi, na msimbo mpya ukatae kupachika imeji ya toleo la zamani inayozidi GiB 4, mpaka ipitie zana ya ukarabati. Mtu mwingine mwenye imeji kama yako hatajua onyo la tundu_la_inodi.

Kisha weka kikomo cha juu. Namba ya bloku ya biti 32 na bloku za baiti 4096 inaishia TiB 16. Zana ya kuunda imeji ikatae zaidi ya hapo. Tena, usiruhusu bloku za mwisho kabisa zigawiwe: `mwanzo + idadi` kwa `uint32_t` ikifika 4294967296 inarudi sifuri, na kitanzi cha `i < mwanzo + idadi` hakizunguki hata mara moja.